Shibiri Moja

Hinewai aliulaza uzi mwekundu juu ya tufe lake la shule,
kidole kimoja Auckland, kingine Santiago,
akaukaza hadi ukaacha kutetereka.
"Baba, tazama. Unashuka."
Kweli ulishuka, ukakata kuelekea kwenye barafu.
Kumbe ramani ya ukutani, iliyolala bapa,
ilinidanganya miaka kumi na minne
kwamba kwetu ni mashariki tu, ng'ambo ya maji, huendi kombo.

Kilomita elfu tisa, mia sita na sabini.
Akaniambia niweke mkono.
Gumba Auckland, kidole cha mwisho Santiago:
shibiri moja, haikubaki hata nafasi ya ukucha.

Mimi naendesha lori la maziwa, Waikato.
Kilomita nazijua zinavyoingia kiunoni, moja moja,
zizi hadi zizi, lango hadi lango,
wala elfu tisa si shibiri ya mtu.
Ila Uberlinda alikuwa amepiga simu:
*Nibaldo, Mama ameacha kulalamikia chumvi.*
Nikauza trela. Nikakata tiketi.

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, tukapaa.
Kindege cha kwenye skrini kiliganda kama nzi kwenye kioo.
Mahali fulani gizani tukavuka mstari
usio na kigingi wala kamba,
Jumamosi ikarudi nyuma ikawa Ijumaa,
tukala wali na kuku wa Ijumaa,
na kulipopambazuka, Jumamosi ikaja tena,
mpya, kama haijaguswa na mtu.

Tulitua saa saba mchana.
Saa tano kabla ya kuondoka.
Askari wa forodha akachukua tufaha alilonipa Hinewai,
akalitupa pipani, akaniambia karibu nyumbani.

Basi la Talca. Mizabibu. Vumbi nililolisahau harufu.
Mama alikuwa ameegemezwa mito mitatu.
"Umetoka huko saa ngapi?"
"Saa kumi na mbili jioni, Mama. Leo."
Akaitazama saa ya ukutani, ile ya Baba, ya reli,
mshale wake haujawahi kudanganya:
kumi na moja kamili.
"Basi bado hujaondoka," akasema.
"Una saa nzima. Rudi ukabadilishe hilo shati."
Akacheka mpaka Uberlinda akaja mbio na maji.

Nilikaa siku kumi. Nilimpikia supu.
Siku ya saba aliilalamikia chumvi,
nikaenda uani nikasimama peke yangu.

Kurudi, upepo wa magharibi hukupiga usoni:
saa kumi na tatu, na safari hii hupewi kitu.
Niliondoka Jumanne, saa tano na nusu usiku.
Muhuri wa pasipoti unasema Alhamisi.
Nikawasha simu nikiwa bado kwenye foleni.
*Jumatano,* ameandika Uberlinda. *Alfajiri. Usingizini.*

Nimeitafuta Jumatano hiyo.
Sikuiamkia, sikuilalia,
sikunyoa ndevu ndani yake.
Zile saa tano nilizokopeshwa nikienda
nililipa siku nzima, na sijui nani alipanga riba.
Dada yangu anasema ilikuwa na ukungu
na jirani alileta mikate.
Namwamini. Watu wengine wote walikuwa nayo.

Hinewai alikuja kunipokea na sare ya shule,
soksi moja imeshuka.
Jioni alilileta tufe mezani bila neno.
Nikaweka mkono.
Gumba lilifika. Kidole cha mwisho kilifika.
Chini ya kiganja, buluu tupu.

"Bibi alikwambia nini?"

Kwamba bado sijaondoka, nikamwambia.
Halafu nikaenda kutafuta funguo za lori,
maana ng'ombe hukamuliwa saa kumi.